Eti Sijui Kushika Usukani

Leo nimejua kwa nini gari letu linavuta kushoto. Afadhali nisingejua.

Tangu mume wangu alirudishe kutoka Mahango, gari hili kuukuu linanipigania usukani kutoka Bwera mpaka Kasese. Nikimwambia, anacheka mbele ya wageni: "Gari haina shida. Ni wewe hujui kuendesha."

Nikamwamini, jamani! Nikawa nakaza mikono, watoto wangu wamekaa nyuma.

Asubuhi nimelipeleka kwa fundi Kasese.

Akapima upepo wa matairi, uko sawa. Akahamisha matairi ya mbele, la kushoto kulia na la kulia kushoto. Bado linavuta. Akagusa magurudumu, hakuna lenye moto, kwa hiyo si breki.

Akaingia chini ya gari. Akatoka, akaniita.

"Mama, hii chuma inashika gurudumu ilipinda, sasa imeanza kupasuka. Ikikatika barabarani, mutakufa."

Halafu akatazama namba ya gari, akalikumbuka: "Lakini mimi niliambia muzee wako. Alileta gari hapa siku ile aligonga jiwe kule Mahango. Nilimwambia asibebe mutu. Akasema atarudi."

Alijua.

Ndiyo maana siku hizi yeye anapanda boda. Na mimi nilidhani ananiachia gari kwa mapenzi!

Nikampigia simu. Akauliza: "Nani alikutuma kwa fundi?"

Watoto hakuwaulizia.

Gari nimeliacha pale, niko njiani narudi. Wenye ndoa, niambieni: mtu wa hivyo nikifika nyumbani namsalimia vipi?