Mstari Uliofifia

Jambo zima lilianza kwa shilingi elfu tano, na hiyo ni baada ya mimi kuishusha kutoka elfu saba. Ndiyo ilikuwa bei ya kipimo cha homa ya ini katika maabara moja ndogo ya Tunduma, mpakani na Zambia, jirani na pale ninapokaa na bunda langu la kwacha nikiwabadilishia madereva pesa. Mdogo wangu alikuwa ametoka machimboni, analalamikia uchovu na maumivu ya ubavu wa kulia. Miaka tisa alikuwa kwenye maduara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, na dhahabu yote aliyoipata ingetosha kuziba jino moja, tena dogo.

Mpimaji, binti mwenye subira, alimtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kikaratasi kilichovikwa plastiki, akatuambia tungoje. Mstari wa kwanza ulitoka mwekundu, umekolea. Baadaye ukatoka wa pili chini yake, umefifia kama chai ya mwisho wa mwezi.

"Huu wa juu unaonyesha kipimo kinafanya kazi," alisema. "Huu wa chini ndio ugonjwa. Una virusi vya homa ya ini, kaka."

"Hiyo rangi ni wino?" mdogo wangu aliuliza.

"Ni dhahabu. Chembe ndogo mno, hata hadubini yetu hapa haizioni. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho inaonekana nyekundu. Zimepakwa kitu kinachonasa virusi. Majimaji ya damu yanapita nazo kwenye karatasi. Kama virusi vipo, zinakwama hapa, ndiyo unaona mstari."

Mdogo wangu akakiinamia kile kipimo.

"Kumbe ni nyekundu," alisema. "Mimi miaka yote natafuta ya njano."

Tulicheka, hata yule binti. Kisha nikaingia kazini.

"Dada, huu wa pili umefifia. Noti ikififia hivi mimi naipokea kwa nusu bei. Hatuwezi kusema anao nusu?"

"Hakuna nusu, baba. Ukionekana, upo. Kufifia si kwamba ugonjwa ni mdogo. Nendeni Mbeya, hospitali ya rufaa, wapime wingi wa virusi na hali ya ini. Dawa zipo."

Nikamwomba arudie maneno yake. Akarudia, bei ile ile.

Tulipofika nje, mdogo wangu alikuwa na jibu lake. "Kaka, sisi ukiosha mchanga ukaona rangi imefifia vile, unahama shimo. Hakuna mali pale."

Nikaona ana hoja. Mimi na noti zangu, yeye na mchanga wake, tukapiga kura wawili dhidi ya mmoja. Akarudi machimboni. Safari ya Mbeya tukaipanga baada ya mvua, halafu baada ya mavuno ya kahawa, halafu hatukuipanga tena.

Njano aliyoitafuta ilimjia mwaka huu, machoni. Tumbo likajaa maji, miguu ikavimba, wenzake wakamleta nyumbani kwa mama, kijijini Isansa, pamoja na sururu yake, kana kwamba angeihitaji. Daktari wa wilaya alipiga picha ya ini, akaniita pembeni, akasema limeshakuwa gumu na lina uvimbe mkubwa. Twende Mbeya tu, wakaangalie. Neno "dawa" hakulitaja, na mimi nililisubiri.

Asubuhi ya safari nilikodi gari. Dereva tunajuana.

"Kwenda tu ni elfu themanini," alisema. "Kwenda na kurudi, laki na ishirini. Nitawafuata siku wakimruhusu. Lipa yote sasa, braza, unaokoa elfu arobaini."

Siku nyingine ningemshusha mpaka laki. Nilipiga hesabu mara mbili, na mara zote mbili alikuwa sahihi.

Mdogo wangu alikuwa kwenye mkeka barazani, anasikia kila kitu. Akanipungia mkono nisogee. Sauti ilikuwa imebaki kidogo, ikabidi niiname.

"Kaka, wewe ndiye mjuzi wa bei," alisema. "Hebu nishauri. Tulipie kwenda tu, au na kurudi?"