Bakuli la Kambi ya Juu

Kati ya watu wote waliokula kwa jasho lao kwenye mlima ule, wachache waliupanda mara nyingi kama mpishi waliyemwita Sufuria, na hakuna aliyeufaidi kidogo kama yeye. Kila safari alifika kambi ya juu, pale majani yanapokata tamaa na mawe yanapoanza, akasimamisha hema la jiko, basi. Viongozi waliwapeleka wageni kileleni. Yeye alibaki kuchemsha supu, maana mgeni anayeshuka akigonganisha meno kwa baridi hataki hadithi, anataka kitu cha moto. Ndiyo kazi. Sufuria hakuwahi kulalamika mpaka mdogo wake alipopata cheo.

Na cheo chenyewe alikipata kwa mgongo wa nani? Sufuria ndiye aliyemwombea nafasi ya upagazi, akamfundisha kufunga mzigo, akamwazima viatu. Leo kijana anavaa koti jekundu la kiongozi msaidizi, na nyumbani kwa mama yao picha yake akiwa kileleni imetundikwa juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo huwezi kunywa chai bila kuiona. Mtoto wa Sufuria mwenyewe aliwahi kuuliza, "Baba, yako iko wapi?" Sufuria akajibu kwamba misumari ilikuwa imeisha dukani.

Safari hii roho ilimuuma tangu msituni. Mdogo mtu akiimba, wageni wanapiga makofi. Akitaja jina la ndege, wanashangaa kana kwamba yeye ndiye aliyemuumba. Mmoja wao, mama wa miwani aliyestaafu ualimu, alikwisha kuanza kumwita "mwanangu". Sufuria alipopeleka mkate wa moto, mkate aliouoka ndani ya sufuria kwenye baridi ile, yule mama alisema asante bila kugeuka, maana mdogo mtu alikuwa katikati ya hadithi ya nyani aliyeiba kofia. Hadithi yenyewe ilikuwa ya Sufuria! Kofia ilikuwa yake, na nyani alimkimbiza yeye.

"Mdogo wako ana nyota," mpagazi mmoja alimwambia.

"Nyota gani? Ana mdomo tu huyo."

Lilikuwa gere, tusifichane. Mtu anaweza kumpenda nduguye mpaka akampa shati la mwilini, halafu asivumilie kuona shati lile limempendeza.

Jikoni kambi ya juu kuna sheria moja: anayekwenda kileleni halishwi maharage. Kule juu tumbo hujaa gesi lenyewe, halihitaji msaada. Na tumbo la mdogo mtu lilikuwa bovu tangu utotoni. Ndiyo maana kila safari Sufuria alimpikia uji mwepesi wa peke yake, kama mama alivyomwagiza. Jioni ile uji ulikuwa tayari. Pembeni palikuwa na maharage ya wapagazi, ambao kazi yao iliishia pale. Sufuria alikuwa ameshika upawa aliposikia kicheko kutoka hema la wageni, na sauti ya mama wa miwani ikisema, "Kesho mimi sina wasiwasi, mwanangu atanishika mkono."

Upawa ukaenda kwenye maharage.

"Uji umeisha leo," alisema, macho chini.

Mdogo wake alilitazama bakuli, kisha akamtazama yeye. "Haya, kaka. Njaa haichagui." Akala yote, akalifuta bakuli kwa kipande cha mkate.

Kulipopambazuka kijana alikuwa amejikunja, ameshika tumbo, jasho linamtoka kwenye baridi. Kiongozi mkuu alimwinamia, akatikisa kichwa.

"Huyu haendi popote. Sufuria, wewe una kifua na mlima unaujua. Vaa koti lake."

"Na jiko je?"

"Nitaliangalia mimi," mdogo mtu alisema kutoka chini ya blanketi. "Supu naichemsha hata nimelala."

Basi Sufuria alipanda. Alimshika mkono mama wa miwani kwenye changarawe zilizokuwa zikiwarudisha nyuma, akambembeleza hatua kwa hatua, na moyoni alikuwa na furaha kubwa mno hata aibu haikupata pa kukaa. Walipofika juu kabisa, mawingu yakiwa chini ya miguu yao, yule mama alimkumbatia akilia. "Asante, mwanangu." Neno alilolionea kijicho njia nzima sasa lilikuwa lake, na hapo ndipo lilipomchoma. Alitaka kushuka mara moja.

Kambini wageni walipewa supu. Walikunywa, wakatazamana.

"Hii supu tamu!" alisema mama wa miwani. "Hii ndiyo kiboko ya zote. Nani kaipika?"

Sufuria aliingia hema la jiko akiwa amekunja uso. Mdogo wake alikuwa ameketi juu ya ndoo, bado kapauka, anaosha vyombo.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Afadhali." Akaendelea kusugua. "Ile sufuria ya uji nimeikuta imejaa, kaka. Ila jana nilikwisha kunusa harufu ya uji kabla hujaniambia umeisha."

Sufuria alivua lile koti jekundu. "Sasa kwa nini ulikula?"

"Ningekwambia nenda kileleni wewe badala yangu, ungekubali? Nakujua. Ungesema hutaki huruma ya mtoto."

Hata hapo mdogo mtu alikuwa amemtangulia. Sufuria akakaa chini kwenye gunia la viazi na kujifunika uso kwa kofia.

"Kaka, unalia?"

"Moshi tu huu," alisema Sufuria, na jiko lenyewe lilikuwa la gesi.