Siku Bibi Alipoonyeshwa Kwenye Sinema

Jirani anapowasha jenereta, harufu ya petroli hunirudisha kwenye darasa letu la Kwala, siku gari la sinema lilipokuja na jenereta lake. Walimu walitundika mablanketi madirishani, tukabanana sakafuni. Sijawahi kukaa mbele ya filamu mbaya kama ile.

Ilituhusu sisi wenyewe. Ghafla akatokea ukutani bibi yangu, mama yake baba, amesimama mbele ya nyumba yetu ya zamani kule bondeni Ruvu, siku mgambo walipoibomoa ili tuhamie kijiji cha ujamaa cha Kwala. Mdomo wake ulikuwa unasema, machozi yanamtiririka, lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamume.

"Mama huyu analia kwa furaha. Amechoka kuishi peke yake porini."

Bibi akanyanyuka pale nyuma alipokaa.

"Sikusema hivyo! Nilisema makaburi ya wanangu yako pale. Yule mwenye kamera alinisikia!"

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia, "Kaa chini, bibi. Unatuharibia sinema."

Bibi alimtazama baba, ambaye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Baba alikaza macho ukutani. Filamu ilipokwisha, yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi. Nami nikapiga, kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa nimefurahi kumwona bibi amejaa ukuta mzima.

Jioni ile bibi alihamishia mkeka wake jikoni. Tangu hapo hakumwita tena baba "mwanangu". Alimwita "balozi", mpaka tulipomzika bibi.