Nilingoja Sauti Imalize

Nilijenga nyumba ya vyumba vinne bila kumaliza darasa la tatu. Tangu mke wangu afariki, nalala humo peke yangu. Binti yetu Furaha anasoma Bujumbura. Aliwahi kunieleza kuhusu mashini inayosoma neno lisilo na mwisho, herufi zikifuatana bila kukoma: lazima ijibu ingali inasoma, maana ikingoja mwisho haitajibu kamwe. Nilimcheka. Mwenye adabu humwacha mwenzake amalize.

Juzi nilimpigia nikiwa sokoni Kavimvira. Mwanamke akapokea, akaongea Kifaransa, akarudia, akarudia tena. Nikangoja, kofia mkononi, hadi nikachoka. “Mama, unisamehe kukukatiza. Mwambie Furaha arudi, nyumba inanishinda.”

Wauza ndagala, wale samaki wadogo, wakatazama nyuma yangu.

“Papa,” Furaha akasema nyuma yangu, begi begani, “hiyo ni mashini, inasema simu yangu imezimika. Miye niko hapa, na nimesikia yote.”