Mwano Nilioupiga Nikiwa na Povu Mwilini

Ndugu zangu, aibu hii nimeikalia miaka mingi, na mke wangu mwenyewe mpaka leo anajua nusu yake tu, ile nusu ambayo nina nguo. Lakini kwa kuwa mmenibana, na chai bado ipo, ngoja niwape yote, ila anayetaka kucheka anivumilie nimalize.

Miaka ile soko huria linaingia mimi nilikuwa karani wa pamba kwenye chama cha msingi cha ushirika huko kwetu Bariadi, mara wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, chama kikafunga ghala na mimi nikafunga virago. Magazeti nayo yalikuwa yanaota kama uyoga, nikajisemea mbona mwandiko wangu ni mzuri (kana kwamba gazeti linaandikwa kwa mwandiko), nikamfuata mhariri mmoja Mwanza, akaniambia habari za pamba zimemchosha, nimtafutie mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaandika. Ndiyo nikapanda mtumbwi kwenda kisiwa cha Nyabwelo.

Hamkijui, wala msijisumbue kukitafuta kwenye ramani. Ni kisiwa cha mawe na miti ya miiba, nyumba zote zimekaa upande mmoja zikiupa upepo mgongo, mihogo huku, dagaa wameanikwa kule, barabara hakuna, baiskeli ipo moja na haijawahi kwenda mbali kwa sababu huko mbali hakupo. Watu wake ni Wajita, Wakerewe na Wasukuma waliochanganyika mpaka salamu inaanza kwa lugha moja na kumalizikia kwa nyingine. Kilichonishangaza ni upole wa sauti zao. Hakuna anayepaza sauti, mama akimtaka mtoto anamfuata alipo, na mimi mtu wa Nkololo kule Bariadi, ambako tunasalimiana kila mmoja akiwa upande wake wa mbuga, nikadhani labda wana njaa.

Mwenyeji wangu alikuwa Mzee Magesa, mvuvi, mtu mwema sana, na ndiye pekee aliyekuwa na ng'ombe pale kisiwani, mtamba mmoja wa kijivu. Jioni ile nilipofika akanieleza kwamba mtamba yule ndiye wa mwisho katika mahari ya mwanawe Mafuru, ambaye alikuwa amemchumbia binti wa kijiji cha Mwamanyili, ng'ambo ya ziwa, aitwaye Kabula, na kwamba baba wa Kabula alikuwa amechoka kungoja, maana kuna kijana mnunuzi wa samaki aliyeanza kulizungukia boma lake na pikapu. Mtamba asipofika kesho kabla jua halijazama, binti anakwenda na pikapu. Wajumbe wa ukweni wangekuja kesho kumchukua mtamba. Mafuru alikuwa amekaa pembeni anashona wavu, na sindano ilikuwa inamchoma vidole.

Asubuhi na mapema mama mwenye nyumba akaanza kunichemshia maji ya kuoga, na mimi, kwa kujifanya mgeni asiyesumbua, nikasema aache tu, nitaoga ziwani. Yote yaliyofuata yalitokana na uamuzi huo tu. Nikachukua sabuni, nikaenda nyuma ya mawe, nguo nikaziweka juu ya jiwe, nikajipaka povu kuanzia utosini. Nilipofungua jicho moja nikaona wanaume wawili nisiowajua wanamvuta yule mtamba kuelekea kwenye mtumbwi, haraka haraka, kimya kimya, na wamemfunga kitambaa machoni.

Sasa nielezeni ninyi, mtu aliyekulia ng'ombeni angefikiri nini? Kwetu wakwe hawaji alfajiri. Wakwe wanakuja jua limepanda, wanasalimiwa mpaka magoti yaume, wanakula, wanashiba, ndipo ng'ombe anatajwa. Anayemfunga ng'ombe macho na kuondoka naye kabla ya uji ni mwizi, na dawa ya mwizi ni mwano, ule ukelele wa hatari ambao kila mwanaume akiusikia lazima atoke na fimbo, na asiyetoka sungusungu wanamtoza faini. Nikamfikiria Mafuru na vidole vyake, nikavuta pumzi, nikaupiga. (Nina kifua, nawaambieni, kwetu nilikuwa nasikika vijiji viwili.)

Mtamba ndiye aliyetangulia kuitika. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya mtumbwi, akaruka, akaangukia majini na kitambaa chake usoni, akaanza kuogelea kwenda asikokujua. Halafu wakatoka watu wa kisiwa, wote, na hapo nikaanza kuhisi kuna kitu hakipo sawa, maana hakuna aliyeshika fimbo. Wanawake walikuwa wameweka mikono kichwani. Mitumbwi iliyokuwa ikivua ikageuka yote, nyavu zimeachwa, wanapiga makasia kuja kwetu. Mwanamke mmoja akanifikia wa kwanza, hakuangalia hata kama nina nguo, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni nani?"

Ndipo nikaelewa. Pale kisiwani hawapazi sauti kwa sababu kelele ya ufukweni ina maana moja tu, kwamba ziwa limechukua mtu. Yule mama mume wake alikuwa majini. Nilitamani ardhi ipasuke, kwa kweli, nikasema hakuna aliyekufa, mama, ni wezi wa ng'ombe, nikanyoosha kidole, na mmoja wa wale wezi akanijibu taratibu kwamba yeye ni mjomba wa Kabula. Walikuja mapema kwa sababu upepo ukishaamka ng'ombe havuki, na macho wanamfunga asiyaogope maji. Kule wanapakia kwanza, wanakunywa uji baadaye. Nguo zangu nilipozitafuta, zilikuwa zimesukumwa majini na watu waliokuwa wakikimbilia kwenye mawe.

Mtamba walimwokoa wale wavuvi, wakamzunguka na mitumbwi wakamrudisha, yu mzima, anatetemeka. Nikadhani yamekwisha. Mjomba akamtazama mtamba, akanitazama mimi (mama mwenye nyumba alikuwa amenirushia kanga), akasema, "Ng'ombe aliyepigiwa mwano ni wa wizi. Mimi wa wizi simpeleki kwa dada yangu."

Mafuru akakaa chini pale pale kwenye mchanga. Mzee Magesa hakunigombeza, alisema tu, "Mwanangu, si ungeuliza," na hilo liliniuma kuliko fimbo. Wakajadiliana muda mrefu, jua linapanda, mpaka mjomba akakubali jambo moja, kwamba aliyeupiga mwano aende akaukanushe mwenyewe, mbele ya mwenye binti.

Bahati upepo siku ile ulichelewa kuamka, basi nikavuka ziwa nimemkumbatia mtamba shingoni asiruke tena, nikashuka naye mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, mbele ya wanunuzi wa samaki na magari yao ya barafu, nimevaa kanga iliyoandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, na kina mama wauza dagaa wakaisoma kwa pamoja kama darasa la kwanza. Kutoka pale mpaka Mwamanyili kamba nilishika mimi. Mafuru alitembea mbali nyuma yangu, nami sikumlaumu.

Jua lilikuwa limebakiza kidogo tulipofika. Baba wa Kabula alikuwa amekaa mlangoni pa zizi na ukoo wake wote, na habari zilikuwa zimeshamfikia, kama kawaida. Akanitazama kuanzia miguuni.

"Wewe ndiye uliyeona wezi?"

"Ndiyo, baba."

"Huyu ng'ombe basi ni wa nani?"

Sauti ile iliyosikika vijiji viwili ikatoka ndogo kama ya watu wa kisiwani.

"Ni wako, baba. Katoka kwa Mafuru. Mimi nilikosea."

Akanyoosha mkono akaipokea kamba. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi (haya, sasa chekeni) nikaruka kwa woga nusura kanga inidondoke pale ukweni kwa watu. Mafuru alinishika bega, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na nadhani hayakuwa ya kicheko peke yake.

Makala niliiandika, ila mkasa huu sikuutia. Mhariri akairudisha, akasema imeandikwa vizuri lakini haina tukio. Nikamwambia ni kweli, pale ni mahali patulivu sana. Na mwano mimi nimeuacha kabisa. Leo hata nikimkuta mtu anaswaga ng'ombe wangu mwenyewe, namsogelea, namwambia mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, namuuliza habari za nyumbani na za watoto, namngoja ajibu zote, ndipo namuuliza, ndugu yangu, hawa unawapeleka wapi.