Mikono ya Mwanatabu

Kule Mtongwe, kupamba, sherehe ya kumwonyesha bibi harusi aliyepambwa, ni shughuli ya wanawake peke yao. Bwana harusi mwenyewe haingii ila mwisho, simu zote huachwa mlangoni, na video huchukuliwa na mwanamke mmoja anayeaminiwa. Miaka nenda miaka rudi, mwanamke huyo alikuwa Mwanatabu. Harusi zote hizo alikuwa nyuma ya kamera, ndiyo maana hamna hata moja anamoonekana yeye.

Kisha maradhi yakamwingia, mikono ikaanza kutetemeka, na picha nazo zikatetemeka. Hakukubali kushindwa upesi. Alibana viwiko mbavuni, akaegemea ukuta, akazuia pumzi mpaka bibi harusi apite. Alifunga uzi chini ya kamera, akaikanyaga ncha yake na kuivuta kamera juu mpaka uzi ukakaza, isipate pa kuyumba. Ilisaidia, lakini si sana, na watu wana macho.

Nasreen, bintiye wa pekee, alipoposwa, Mwanatabu alifanya mazoezi kila siku kwa kumchukua video paka wa jirani, kiumbe asiyetulia hata kidogo. Harusi ilipokaribia, binti akamjia na maneno yaliyomtoka kwa shida.

"Mama, nimemwita Bi Lewa wa Mtopanga aje na kamera yake. Wewe kaa na wageni, upumzike."

"Mwanangu, na mimi nipo?"

"Wallahi sitaki kukuvunja moyo, Mama. Lakini siku hiyo hairudi."

Ilimuuma mno. Hata hivyo alijiliwaza kwamba angalau safari hii atakuwa ndani ya picha. Siku ya kupamba alipanda jukwaani kumbandika mwanawe kikuba, kishada cha maua ya asumini, kifuani. Pini ilimsumbua, vidole vikicheza, lakini aliiweza, na Nasreen akambusu mkono.

Video ilipoletwa, waliketi wawili kuitazama. Picha ilikuwa imetulia kama maji mtungini. Wageni waliingia, mashangazi wakacheza, bibi harusi akakaa. Mara kikuba kikaonekana kifuani, kimeshabandikwa.

"Pale nilipokuvisha mbona sipaoni?"

Nasreen aliinama. "Nilimwambia Lewa akikate kipande hicho, Mama. Nilidhani hungependa watu waione mikono."

"Hakuna neno," alisema Mwanatabu. Kisha, machozi yakimtiririka, akaomba video irudishwe mwanzo, akaanza kujitafuta miongoni mwa wageni.