Harufu Kutoka Upande wa Pili wa Ukuta

Juzi niliingia supamaketi moja kubwa pale mjini Kisumu kutafuta sabuni na mkate, nikatoka na mmea unaokufa. Usinicheke. Ulikuwa kwenye rafu ya chini kabisa karibu na mlango, chini ya zile taa nyeupe zisizo na joto, umebandikwa karatasi nyekundu ya bei ya kutupa. Majani yake manene yalikuwa yamekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua nguo tangu asubuhi, na udongo ulikuwa umeloa hadi unanuka. Juu ya mkebe waliandika hoya. Sisi nyumbani tuliuita maua ya nta, kwa sababu ukigusa jani unadhani umegusa mshumaa. Nilisimama pale na kikapu changu mkononi, na wivu wa zamani ukanipanda kifuani, mzima kabisa, kana kwamba haujawahi kulala.

Na wivu wenyewe si wangu wote. Nusu yake niliirithi kwa mama.

Miaka ya themanini ilipokuwa ikielekea mwisho, tulikaa kwenye zile nyumba za safu za wafanyakazi, nyumba mbili zikigawana ukuta mmoja. Juu ya ukuta huo, karibu na dari, kulikuwa na matundu ya hewa, na kupitia matundu hayo tulijua kila kitu cha upande wa pili: kitunguu kinapokaangwa, redio inapofunguliwa, mtoto anapochapwa. Jirani yetu alikuwa mama mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa, mzaliwa wa Port Victoria. Wanawake wa pale walimwita Nyar Port, yaani binti wa kutoka Port, na alipocheka kwake, vikombe vyetu vilitikisika kabatini.

Tafadhali nielewe: yeye na mama walikuwa marafiki. Jioni walikaa pamoja kwenye ngazi iliyo kati ya milango yetu, wakichambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo mmoja, wakiwasema watu. Chumvi ya kwetu ilikuwa yake na viberiti vyake vilikuwa vyetu. Kwenda soko la Kibuye kununua mitumba walikwenda pamoja, na wakipata sketi moja nzuri walivutana kidogo, kisha mmoja akakubali, lakini uso wake siku hiyo haukung'aa tena.

Jumamosi moja walinichukua kwenda supamaketi. Wakati huo supamaketi ilikuwa mahali pa kuvaa viatu vizuri. Watu wa Milimani walishuka kwenye magari yao wakajaza vikapu, na sisi tulizunguka na mkate wetu mmoja tukitazama. Karibu na mlango waliuza maua ya ndani kwa ajili ya hao wa Milimani, na yale ambayo hayakununuliwa yalikaa gizani, yakimwagiwa maji kila siku na mfanyakazi mwenye moyo mzuri, mpaka yakaoza mizizi. Siku hiyo yalikuwa yametupwa kwenye kreti, na ndani ya kreti mlikuwa na mikebe miwili ya maua ya nta. Mmoja ulikuwa na majani mengi kiasi. Wa pili ulibakiwa na mawili tu, na moja kati ya hayo lilikuwa limegeuka manjano.

Mama alitangulia kunyoosha mkono. Akachukua ule wa majani mengi.

"Hii imenichagua yenyewe," akasema.

"Basi hii maskini ni yangu," Nyar Port akacheka, akaushika ule wa majani mawili kwa vidole viwili tu.

Nakumbuka jinsi mama alivyorudi nyumbani na furaha ya mshindi. Aliutoa mmea kwenye udongo wake mbovu, akasafisha mizizi kwa maji ya uvuguvugu, akakata iliyooza kwa wembe mpya. Chini ya mkebe mkubwa aliweka vipande vya makaa, juu yake mchanga wa ufukweni uliochanganywa na samadi kavu. Akaufunika kwa mfuko wa mkate ili upate joto. Hata mimi nilipougua surua sikufunikwa vizuri hivyo. Mmea ulipotoa jani jipya, jekundu kidogo na laini, mama alituita sote tuje tulione, na baba akasema ni jani tu, na chakula cha jioni siku hiyo kikachelewa.

Jirani je? Alitoboa matundu kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia kwa msumari, akapanda kijiti chake, akakiweka kwenye dirisha la jikoni linalopigwa na jua la asubuhi, akakisahau. Kweli alikisahau. Mara nyingine akimaliza kuosha mchele alimwaga yale maji humo kwa sababu ndoo ya taka ilikuwa mbali.

Sasa sikiliza hili la mafuta. Kwetu, siku ya wageni au ya kanisa, mtoto hupakwa mafuta ya mgando mpaka miguu ing'ae, la sivyo watu watasema hana mama. Na mama yangu hakuona kwa nini mmea uachwe umepauka. Kila Jumapili asubuhi tulipanga foleni barazani: mimi, ndugu zangu, na maua ya nta. Kwanza alipaka mmea, jani kwa jani, juu na chini, kwa kitambaa laini, akiuambia maneno matamu. "Nyathina," aliuita, mtoto wangu. Kisha mabaki ya mafuta yaliyobaki kiganjani yakapanguswa usoni kwangu kwa haraka, na mimi nikaitwa "wewe." Niliuchukia mmea ule kwa moyo wangu wote. Niliuonea wivu kama mtu anavyomwonea wivu mdogo wake aliyezaliwa jana.

Asubuhi uliwekwa barazani, mchana ukaingizwa ndani, jioni ukapandishwa juu ya kabati la redio, kwenye kitambaa kilichofumwa na kutiwa wanga. Ukihamishiwa mkebe mkubwa leo, mwezi mwingine ulipewa mkubwa zaidi. Ulitambaa, ukang'aa, ukazunguka picha ya harusi. Wageni waliusifu. Lakini ua haukutoa, hata moja.

Kisha jioni moja, tukiwa tunakula ugali na samaki ngege wa kuchemsha, harufu ikaingia.

Sijui nikueleze vipi. Ilikuwa tamu, nzito, kama asali iliyopashwa moto na ganda la limau ndani yake, na ilikuwa ikishuka kutoka kwenye matundu ya hewa. Mama aliacha tonge mkononi. Akainuka, akatoka nje, nikamfuata. Kwenye dirisha la jikoni la jirani, kile kijiti cha majani mawili kilikuwa kimejaa dirisha zima, kimekaza mizizi ndani ya mkebe wake mdogo mpaka umevimba ubavuni, na kilikuwa kimening'iniza vishada vya nyota ndogo ndogo nyeupe zenye waridi katikati, kila moja imekaa kama imechongwa kwa nta.

"Hii maua yako imekula nini?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hata sijui, mama. Mimi mwenyewe nimeiona leo. Wuoi, si inanuka!"

Hilo la kutojua ndilo lililomuua mama. Angesema ana dawa ya siri, mama angeitafuta. Angeringa, mama angemnunia. Lakini mtu kupata kitu bila hata kukitaka, wakati wewe umekitaka mpaka umekonda, hapo roho hupata kidonda. Kuanzia siku hiyo mama aliongeza mafuta na akaongeza maji. Akaziba matundu ya hewa kwa kipande cha gunia, akisema mbu wamezidi. Jioni iliyofuata nilimkuta juu ya kiti akikitoa, akisema nyumba haina hewa.

Zamu yetu ya chama ilifika wakati maua ya jirani yamechanua tena. Wanawake wa chama walizunguka nyumba kwa nyumba Jumapili baada ya kanisa, kula na kusaidiana, na ukweli ni kwamba walikuja pia kukagua. Sakafu ilipigwa rangi nyekundu, vitambaa vya makochi vikatiwa wanga mpaka vikakwaruza shingo, chapati zikapangwa. Mmea uling'aa kuliko sisi sote. Nyar Port alikaa karibu na mlango na kikombe chake cha chai.

Jua liliposhuka, harufu ikaanza kuteremka ukutani. Mama mmoja akaacha kuzungumza, akanusa.

"Ai, nyumba yako inanuka vizuri namna gani! Ni hii maua?"

Wote wakaugeukia mmea wetu juu ya kabati la redio, mmea uliokuwa na majani matupu. Niliona mkono wa mama ukishika pindo la kitenge. Nami nikamtazama jirani, nikijua kwamba sasa ataangua kile kicheko chake na kusema ni ya kwake, na sisi tutaaibika mpaka Kibuye.

"Ndiyo hiyo," Nyar Port akasema, akipuliza chai. "Huyu mama anajua maua. Hiyo ua iko nyuma ya jani, huwezi kuiona ukikaa hapo."

Wakamsifu mama jioni nzima. Walipoondoka, mama alivua kitambaa cha kichwa akakitupa kwenye kochi.

"Amenipea maua yake kama mtu anapea maskini ugali!" akamwambia baba. "Bora angesema ni yake. Ananihurumia mimi!"

Baba alisema haoni tatizo. Wanaume wengi hawalioni. Mimi nililiona, na nilikuwa bado mdogo.

Haukupita mwaka, mume wa jirani akapata uhamisho. Walikwenda mbali, upande wa Bonde la Ufa. Lori lilipopakiwa, Nyar Port alikuja mlangoni kwetu amekumbatia mkebe wake wa mafuta, vishada vinaning'inia mpaka kiunoni, sisimizi wakitembea juu yake kutafuta utamu.

"Nikuachie hii, mama? Huko ni baridi. Itakufa bure."

Mama alikuwa anautaka. Nakwambia alikuwa anautaka kuliko kitu chochote alichowahi kuonyeshwa. Aliutazama, akaacha kuutazama.

"Hapana, mama. Yangu iko."

Wakashikana mikono kwa muda mrefu. Kisha jirani akapanda mbele karibu na dereva, mmea magotini, na lori likaondoka na harufu yake.

Wapangaji wapya walikuwa watu wa kimya. Walikaanga samaki mbuta, wakafunga dirisha. Mama alianza kusahau Jumapili ya mafuta. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha, nadhani, ingawa yeye alisema mikono inamuuma. Mmea ukaondolewa kwenye kabati la redio ukapelekwa dirisha la nyuma, kwenye jua, karibu na sufuria zilizoungua. Vumbi likauvaa. Mvua ikaupiga ikausafisha, halafu hakuna aliyeumwagia chochote wiki nyingi. Jioni mama alikaa kwenye ngazi akichambua omena peke yake, na mara kwa mara alinyanyua pua kuelekea ukutani.

Siku moja nilikuwa nyuma nikisugua sufuria kwa majivu, harufu ikanifikia. Nikadhani ni kumbukumbu. Nikainua kichwa. Vishada viwili, vya nyota nyeupe, vimechungulia kati ya majani yenye vumbi.

Nilipiga kelele. Mama alikuja mbio na unga mikononi, akasimama. Hakuruka wala hakucheka. Aliusogelea polepole, akavuta harufu, akafumba macho. Kisha akageuka kutazama dirisha la upande wa pili, lililofungwa.

"Sasa hii nani ataiona?" akasema.

"Mimi, mama," nikajibu.

Alinitazama kwa upole, jinsi unavyomtazama mtoto aliyekuletea maji ulipoomba chai. Akauchukua mmea, akauweka kwenye ile ngazi kati ya milango miwili, akakaa kando yake mpaka giza likaanza. Mpangaji mpya alirudi kutoka kazini, akasalimia, akauruka mkebe, akaingia kwake. Vile vishada vilinyauka siku chache baadaye, na mama hakumwambia mtu.

Mama alishatangulia mbele ya haki. Zile nyumba za safu zimepandishwa ghorofa, na supamaketi ile ya zamani sasa inauza simu. Mimi nakaa kwenye fleti yenye geti na mlinzi, kuta nene zisizo na matundu, na ninayegawana naye ukuta simjui jina. Nimesikia tu funguo zake. Akinunua gari jipya siumii, nikipandishwa cheo haumii. Kwa hiyo wivu wangu wote nauelekeza nyuma, kwa wanawake wawili na ungo mmoja wa omena. Namwonea mama wivu kwa sababu alikuwa na mtu ambaye maua yake yaliweza kumkosesha usingizi, na mtu huyo akamfichia aibu mbele ya watu.

Mmea wa juzi nimeukata mizizi iliyooza, nikaupanda kwenye mkebe mdogo wa mafuta nilioutoboa kwa msumari. Sitaupaka kitu. Nimeuweka barazani, pale ukingo wa chuma wa baraza langu unapokutana na wa jirani huyo, nami najitahidi kuusahau. Najua huenda ikachukua miaka. Lakini jioni moja utachanua, na nataka mtu wa upande ule aache tonge mkononi, atoke nje, auone, na aumie kidogo. Kisha agonge mlango wangu aniulize mmea wangu umekula nini.